Mtaalamu wa Majimbo ya Kirumi

Daktari Silvesta Mutai alikuwa na namna yake ya kuitikia salamu: nyusi. Hainui mkono wala hatikisi kichwa. Asubuhi Collins akimfungulia mlango wa kioo pale makumbusho na kumwambia, "Dokta, umeamkaje?" nyusi zinapanda, zinashuka, na mazungumzo ya siku yamekwisha. Collins alikuwa mlinzi, mzaliwa wa Lodwar, mtu aliyelelewa kusalimia hadi mbuzi wa jirani. Ilimchukua muda kuamini kwamba Mkenya mwenzake, hapa Doha ambako Wakenya hutafutana kwa harufu ya chapati, anaweza kumpita kila siku kama anapita nguzo ya taa.

Lakini tusimwonee. Hakumdharau Collins peke yake. Aliwadharau wote, tena kwa usawa kabisa. Wauguzi wa mtaa wa Al Mansoura aliwaita wapiga sindano. Vijana wa kompyuta waliokaa jengo moja naye kule Fereej Bin Mahmoud aliwaita mafundi wa waya. Walinzi na madereva wa Najma hakuwaita chochote, maana hakuwaona. Mhudumu wa mkahawa akimsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza; akimsemesha Kiingereza, anamsahihisha.

Na dharau yote hiyo, ukiifuata hadi inapoanzia, unakuta sahani.

Nieleze polepole, maana si kazi ambayo kila mtu ana mjomba aliyeifanya. Silvesta alizaliwa Bomet, kwenye mashamba ya chai, akawa na kichwa chepesi, akasoma historia Nairobi, kisha akapata ufadhili kwenda Italia. Huko akawa mwanaakiolojia, yaani mtu anayechimbua ardhi taratibu ili ajue watu wa kale waliishije. Wenzake walikimbilia Roma yenyewe, kwenye makasri na sanamu za marumaru. Yeye alichagua majimbo. Warumi walipoiteka nchi ya watu waliigeuza jimbo, wakaipelekea gavana, wanajeshi na mtoza kodi, na majimbo yao yalizunguka Bahari ya Kati yote. Jimbo alilolipenda Silvesta ni lile ambalo Warumi waliliita Afrika, ambalo kwa leo ni Tunisia na ukingo wa Libya. Huko walifinyanga sahani nyekundu zinazong'aa, wakaziuza kila mahali.

Basi, katika jimbo zima hilo, pamoja na miji yake, mashamba yake na watu wake, Silvesta alichagua sahani. Na katika sahani, alichagua mdomo. Ule ukingo wa juu. Alisema mdomo uliopinda kwenda ndani ulitangulia ule uliopinda kwenda nje. Mfaransa mmoja akasema la, ni kinyume. Wakaandikiana makala miaka nenda miaka rudi, kwa adabu ya kutisha, kama wake wenza wanaosalimiana mbele ya wageni. Mwanafunzi akithubutu kusema "pengine" mbele yake, Silvesta humwuliza, "Pengine ni jina la mji gani? Nionyeshe kwenye ramani." Mwanafunzi anakaa chini, darasa linajikunyata, naye anarudi kwenye mdomo wake wa sahani. Ndoa yake ilivunjika katikati ya mjadala huo, bila kelele, jinsi chombo cha stoo kinavyoingia ufa bila mtu kujua siku.

Na kuna jambo la lugha, ambalo msilisahau. Wakenya wengi wangesema "mikoa ya Kirumi." Silvesta hataki kulisikia. Mkoa, alisema, ni wa Mkuu wa Mkoa, na kofia yake ya kaki na fimbo kwapani. Yeye hakusoma akavuka bahari ili aitwe mtaalamu wa mikoa, kitu kilichokwisha kufutwa kwa katiba. Ni majimbo. Akiulizwa kazi yake anajibu, "Mtaalamu wa majimbo ya Kirumi," na anayatamka maneno hayo kama mtu anayepangusa meza kabla wewe hujaigusa.

Ilikuwaje akafika Doha? Alifika kwa kuishiwa na kwingine. Miradi ya uchimbaji ilikauka, chuo kikafunga idara, na kila kamati ambayo ingempa kazi ilikuwa na mtu aliyewahi kuulizwa pengine ni mji gani. Ndipo tajiri mmoja wa hapa, mwenye makumbusho yake binafsi ya visu, mazulia na magari ya zamani, akanunua sahani za Kirumi msimu aliochoshwa na magari. Sahani zikahitaji mlezi. Silvesta akapewa chumba kimoja chenye kabati za kioo na kiyoyozi kinachonguruma, akakaa humo kama gavana.

Wageni walipita mbio. Waliingia, wakaona sahani, wakauliza choo kiko wapi.

Mwaka jana tajiri akachoshwa na sahani. Mudiri, yaani mkurugenzi wa makumbusho, Madamu Rima, Mlebanoni mwenye sauti ya kuuza na kununua, akamwita Silvesta ofisini.

"Doktor, mwenyewe amepata shauku mpya. Mwewe wa kuwindia. Anataka chumba chako aweke vifuniko vya macho vya mwewe."

"Vifuniko vya mwewe," alirudia Silvesta, "mahali pa sahani za jimbo la Afrika."

"Kwetu mawe ya Warumi tunayakanyaga tukienda kununua mkate," alisema Rima. "Usinifundishe Warumi. Nifundishe watu. Nionyeshe watu wanaojali vitu vyako, ukumbi mzima, nitakuwa na la kumwambia. Nisipowaona, mkataba wako unaisha majira ya joto yakianza. Sina ubaya na wewe."

Silvesta alitoka akiwa amekasirika, kisha, alipofika chumbani kwake na kuzitazama zile kabati, akaogopa. Katika umri wake, na jina lake lilivyo chungu kwa kila aliyewahi kufanya naye kazi, hapakuwa na chumba kingine cha sahani duniani kinachomngoja. Angerudi Bomet kumweleza nani habari za midomo? Akatangaza mhadhara palepale makumbusho. Walikuja mume na mke wakikimbia jua, wakapoa, wakaenda zao.

Sasa huku nyuma Collins, asiyekuwa na kinyongo, alikuwa akimsifu. Mtu husifu hata asiyemsalimia, mradi ni wa kwao. Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya misa hapa Doha, alimwambia Damaris, muuguzi wa Al Mansoura na katibu wa umoja wa Wakatoliki Wakenya: "Katibu, kumbe kazini kwetu kuna noma ya msomi! Daktari wa majimbo ya Kirumi. Mkenya, tena."

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Maana kwa Mkatoliki wa kwetu jimbo ni moja tu, lile la askofu. Jimbo la Kitui, jimbo la Eldoret, jimbo la Homa Bay. Na Kirumi ni nini tena zaidi ya kanisa lao? Ukimwambia majimbo ya Kirumi, haulizi mara mbili. Anauliza la kwako ni lipi. Wakatoliki wa Doha hata baada ya misa hukaa kijimbo, hupika kijimbo, hucheza mpira kijimbo, na hutaniana hivyo hivyo.

Damaris akapiga simu.

"Daktari, naitwa Damaris, ni katibu wa umoja wetu huku kanisani. Tumesikia wewe ndiye mtaalamu wa majimbo ya Kirumi."

"Ndimi."

"Mungu ni mwema! Tumetafuta mtu kama wewe sana."

Silvesta akakaa wima kitini. Hakuna binadamu aliyewahi kumwambia maneno hayo. "Mnataka nini hasa?"

"Utufundishe. Yalianzaje, nani aliyagawa, mipaka ilipitaje. Watu wetu wameshika majina tu, Daktari. Hawajui majimbo yao yalitoka wapi."

*Majimbo yao.* Silvesta akatabasamu peke yake, ule upande mmoja wa mdomo. Aliona wazi kwamba mwanamke alikusudia majimbo ya hao Warumi. Mpiga sindano, alijiambia, hata neno dogo kama "yao" hajui aliweke wapi lisimchanganye msikilizaji. Akamsamehe, na kusamehe kukamfurahisha.

"Watakuja wengi?"

"Dokta, ukitaja majimbo hapa, nani atabaki nyumbani? Watakuja na mabango."

"Mabango?"

"Kila jimbo na lake."

Akawaona akilini wauguzi wakishona bango la Numidia na walinzi wakibeba la Mauretania, majimbo ya Warumi yote mawili, na moyo wake, ambao haukuwa na mazoea ya kazi, ukaruka. Alimwalika Madamu Rima siku hiyohiyo.

Ijumaa yenyewe ikafika. Kwenye eneo la makanisa, nje ya mji kidogo, mifuko inakaguliwa langoni na vumbi la maegesho linakufuata hadi ndani. Rima alishuka garini akashangaa. "Lakini hapa ndipo ninaposali mimi! Hukuniambia ni kanisani."

"Ukumbi ni ukumbi," alisema Silvesta, akitembea mbele.

Alipofungua mlango, vigelegele vilimpiga usoni. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watu walikaa kwa makundi, kila kundi na kitenge chake, wengine wameketi mkekani kwa kukosa viti, na juu yao mabango yamesimama kama tanga. Rima akamshika mkono. "Doktor! Hawa wote wamekuja kwa ajili ya sahani?"

Silvesta alikuwa akisoma mabango. Alianza kushoto. Jimbo la Machakos. Jimbo la Kitui. Jimbo la Murang'a. Akarusha macho hadi kulia, akitafuta Numidia, akakuta Jimbo la Lodwar, na chini yake Collins amevaa shati la maua, anampungia mikono yote miwili. "Dokta! Huku! Watu wako!"

Ndipo neno "yao" likamrudia, likakaa mahali pake.

Rima alikuwa bado anangoja jibu. "Ndiyo," alisema Silvesta. "Kwa ajili ya sahani."

Damaris alimkaribisha kwa maneno mengi na kumkabidhi kipaza sauti. Silvesta, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kusema duniani, akaonyesha picha yake ya kwanza ukutani: mdomo wa sahani, umekatwa upande, umepinda ndani. Mtoto mmoja akamwuliza mamake kwa sauti kama ile ni ndizi.

"Hiki," alisema, "ni chombo cha jimbo la Afrika."

"Jimbo la Afrika ni wapi hilo?" aliuliza mama mmoja chini ya bango la Machakos. "Askofu wake nani?"

"Lilikuwa na gavana."

"Gavana wa kaunti?" Ukumbi ukacheka, kicheko cha heri, cha watu wanaodhani wametaniwa. Silvesta akaonyesha mdomo wa pili, uliopinda nje. Kicheko kikafa. Baada ya mdomo wa tatu Kitui walikuwa wameanza kunong'onezana habari za chai, Murang'a wameinamia simu, na Damaris amekunja mikono akimtazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. Nyuma kabisa Madamu Rima akafunga mkoba wake, akatazama mlango.

Niwaambie, wapenzi, mtu mwingine angesema ukweli hapo. Angesema, jamani, tumepishana kwa neno moja. Majimbo yangu si haya yenu, lakini kaeni niwaonyeshe. Wangecheka hadi machozi, wangempa chai, na nusu yao wangekaa wasikilize kwa huruma tu. Lakini ili useme hivyo ni lazima uwahesabu wale watu kuwa watu. Silvesta aliwatazama akaona kundi la wasiojua kitu, na akaamua kwamba asiyejua kitu unaweza kumpa chochote.

Akazima picha.

"Warumi," alisema, "walipanda mto Naili." Hilo ni kweli, kaisari mmoja aliwatuma askari wakatafute chanzo cha mto, wakafika kwenye vinamasi vya Sudani Kusini ya leo, wakageuka. Silvesta alijua fika kwamba waligeuka. "Wakafika vinamasini. Wengine wakarudi. Wengine, pengine, wakaendelea kusini. Wakaliona ziwa kubwa jangwani."

"Turkana!" alipiga kelele Collins.

"Pengine Turkana."

Lodwar nzima ikasimama. Vigelegele, miguu, bango likaruka juu likashuka. Rima akaweka mkoba chini.

Basi ikawa hivyo. Kitale wakauliza, na sisi je? Silvesta akawapitisha Warumi Kitale, maana kutoka Turkana wangepitia wapi. Eldoret wakasema hawawezi kurukwa. Akawapa kambi ya askari pale nyanda za juu, palipo na hewa ya kupumzikia. Homa Bay wakadai ziwa lao ni kubwa zaidi, na chanzo cha Naili ni chao, akawapa mashua. Murang'a aliwaambia udongo wao mwekundu unafanana mno na udongo wa sahani zake, na bibi mmoja akalia. Kitui na Machakos wakapata njia ya pembe za ndovu. Alikuwa anagawa Warumi kama mtu anayegawa sambusa harusini, akiangalia tu asije akakosa wa mwisho. Mipaka ya majimbo yao, alisema, ilifuata njia za askari hao. Hata neno la Kilatini la jimbo la askofu, alisema, lilikuwa kwanza neno la serikali ya Kirumi, na hili, katikati ya uongo wote ule, lilikuwa kweli tupu, wala halikupigiwa makofi.

"Na Kericho, Dokta?" aliita mtu. Kericho ndilo jimbo la Bomet, la nyumbani kwao Silvesta.

"Kericho," alisema Silvesta, "ndiko walikotaka kubaki."

Paa nusura litoke. Wakamwinua.

Chai ilipomiminwa Damaris alimfuata pembeni, kikombe mkononi.

"Daktari, nikuulize kama mtu mzima. Yale ulikuwa unayasema, yapo?"

"Mlikuja kutafuta majimbo yenu," alisema Silvesta. "Nimewapa."

"Sikuuliza umetupa nini."

"Dada Damaris, hawa watu watatofautisha nini?"

Damaris alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee. Alikuwa ameona watu wazima wakijichafua na kuomba radhi, na wengine wakijichafua na kugombeza shuka. "Mimi nimetofautisha," alisema. "Na wale nao si wajinga, Daktari. Wamekupenda tu. Kunywa chai yako, itapoa." Akaenda zake kukusanya vikombe, wala hakumpigia simu tena.

Video zilizunguka Doha hadi nyumbani. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa anafundisha Tunis, alimwandikia kwa simu: Mwalimu, nimeonyeshwa kitu, niambie si wewe. Silvesta aliuona ujumbe, akaugeuza uso wa simu mezani.

Jumapili, siku wiki ya kazi inapoanza, Madamu Rima alimwita. Silvesta aliingia na majibu yake tayari: kuhusu uwezo wa umma kupenda vyombo, kuhusu kabati mpya, kuhusu taa.

"Umeokoka," alisema Rima. "Nimemwonyesha mwenyewe video. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema mtu wa kukusanya watu hivi hafungiwi chumbani na sahani. Sahani zinakwenda kwenye masanduku wiki hii, mwewe wanaingia. Wewe unakuwa afisa wa jamii. Kila mwezi watu wa nchi moja, ukumbi wetu, chakula chao, wewe unazungumza."

"Lakini wale walikuja..." Silvesta aliishia hapo.

"Najua walikuja kwa nini, nina macho, nasali palepale. Sijali walikuja kwa nini. Walikuja."

Ungedhani sasa atasimama. Miaka yote ile ya Mfaransa, ya jua la Tunisia, ya wanafunzi waliolizwa kwa ajili ya neno moja lisilo na ushahidi. Ungedhani kuna kitu humo ndani, walau kiburi, kitakachomwinua kwenye kile kiti. Silvesta mwenyewe alikitafuta. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na alichokikuta ni raha. Hatafukuzwa. Watu watampigia vigelegele.

"Tunaanza na Wafilipino," alisema Rima, akifungua kalenda. "Ni wengi, wanaimba vizuri. Warumi walifika Ufilipino?"

"Ufilipino ni visiwa vingi," alisema Daktari Mutai, akivuta kiti chake karibu na meza. "Niambie kwanza, hao watakaokuja, wengi wao wametoka kisiwa gani?"